Shangazi, mwanangu wa darasa la pili bado anakojoa kitandani

Shangazi, shikamoo. Nina kijana wa miaka 7, yuko darasa la pili. Tangu azaliwe hajawahi kumaliza wiki bila kukojoa kitandani. Tukajua ataacha. Sasa tangu tuhame na abadilishe shule, hata mchana anarudi kaptula imelowa, na wenzake wanamwita kikojozi. Namnyima maji kuanzia mchana, bado. Choo kikubwa anapata baada ya siku tatu, nne, tena kwa kulia. Baba yake anamchapa kila akilowanisha godoro. Mama mkwe anataka tumfunge chura kiunoni. Sasa baba anasema aende bweni, akanyooshwe huko. Nimechoka kufua na nimechoka kugombana. Nifanyeje?
Mama Kijana, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole kijana.

Katika barua yako nimeshikwa na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: choo kikubwa siku tatu, nne, tena kwa kulia. Nitaanzia hapo, na nitaanza na mchana kabla ya usiku. Wengi huanza na godoro kwa sababu ndilo linalotutesa sisi wazazi, lakini mchana usipotulia, usiku nao hautulii.

Utumbo wa chini umepakana na kibofu. Kinyesi kikigandamana pale kinakibana kibofu, hakijai vizuri wala hakimalizi kutoa mkojo. Mtoto anashikwa na haja ya ghafla, anakimbia, hafiki. Kwa macho yetu anacheza hadi anajisahau, kumbe mwili haukumpa nafasi. Ukiona na chupi ina alama za kinyesi chepesi, usidhani ni kuharisha. Mara nyingi ni choo kilichoziba, na kile chepesi kinapenya pembeni.

Kumnyima maji, mama, kunaongeza shida zote mbili: choo kinazidi kukauka, na mkojo mzito unakikera kibofu. Mrudishie maji yake. Kikombe kabla ya kwenda shule, chupa kwenye begi, kikombe kingine akirudi. Jioni ndipo upunguze, na saa moja au mbili kabla ya kulala asinywe zaidi ya kulainisha koo. Chai ya rangi na soda ya kola usiku ziache kabisa, maana zina kafeini. Kwenye chakula, dona badala ya sembe, maharage, mboga za majani, papai, embe, parachichi. Kila baada ya kula akae chooni dakika tano au kumi bila kuharakishwa. Kama choo chenu ni cha kukalia, muwekee kigoda miguu ikanyage. Choo kikiendelea kuwa kigumu, daktari ana dawa ya kulainisha ambayo huenda akaitumia kwa miezi. Dawa za kumfanya aharishe za kujinunulia usimpe.

Sasa shule. Nenda mwenyewe ukakione choo cha shule mpya. Watoto wengi hubana mkojo tangu asubuhi kwa sababu choo kinanuka, mlango haufungi, wakubwa wanawachungulia, au mwalimu haruhusu mtu kutoka. Mkiwa wawili tu, muulize kijana anaogopa nini kule, ikiwemo kama kuna mtu anamsumbua au kumshika. Uliza kwa upole, na umsikilize mpaka mwisho. Kisha zungumza na mwalimu wa darasa: aruhusiwe kutoka kila baada ya saa mbili au tatu bila kujieleza mbele ya wenzake, na hilo jina la kikojozi likomeshwe. Weka kaptula ya akiba kwenye begi. Mfundishe pia kutulia akikojoa, asikate katikati akimbilie mpira.

Usiku utafuata. Kwa kawaida mwili wa mtoto anayekua hupunguza kutengeneza mkojo akiwa amelala, na kibofu kikijaa ubongo humwamsha. Kwa baadhi ya watoto mambo haya huchelewa kukomaa. Kibofu cha mtoto wa miaka 7 huchukua mililita 240 hivi, hata robo lita haifiki. Chukua darasa la watoto 50 wa umri wake, utakuta kama wanne au watano wanalowanisha kitanda, ila kila nyumba inaficha wa kwake. Wengi huacha wenyewe kadiri miaka inavyokwenda.

Tena jambo hili hutembea kwenye damu. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, karibu watoto 4 kati ya 10 hufuata. Wakiwa wazazi wote wawili, ni zaidi ya 7 kati ya 10. Muulize mama mkwe kwa heshima baba kijana aliacha akiwa na umri gani. Jibu lake linaweza kumlainisha mumeo kuliko maneno yako na yangu.

Fimbo iwekwe chini leo. Mtoto hakojoi kwa makusudi akiwa usingizini, na huwezi kumfundisha kwa kiboko jambo analolifanya hana fahamu. Na chura hapana. Najua mama mkwe anamtakia mjukuu mema, na ndivyo walivyoelekezwa wao. Mshukuru, mwambie hospitali imewapa utaratibu mwingine na mnaomba mjaribu huo kwanza. Mtoto anayelala na hofu hujificha, na akijificha hutajua chochote.

Godoro lifunike kwa mpira kama ule wa kujifungulia, juu yake khanga kuukuu zilizokunjwa. Asubuhi akusaidie kutoa mashuka kama anavyosaidia kazi nyingine, pasiwe na kelele. Kabla ya kulala akojoe, na taa au tochi iwe karibu. Kumwamsha usiku hakuponyi, kunapunguza kufua tu. Ukiamua kumwamsha, aamke kabisa atembee mwenyewe. Mtengenezee kalenda, lakini umsifu kwa anayoyaweza: kunywa maji, kwenda chooni kwa saa zake. Usimsifu wala kumlaumu kwa usiku mkavu, kwa kuwa huo hauko mikononi mwake.

Mpeleke hospitali mwezi huu, kwa kuwa hili la mchana ni jipya. Wapime mkojo, waangalie maambukizi na sukari. Usisubiri hata siku moja ukiona kiu isiyoisha na mwili unaokonda, homa, maumivu akikojoa, au damu kwenye mkojo. Kama hucheza kwenye madimbwi au mashamba ya mpunga, taja, ili wapime kichocho. Kama kuna selimundu katika ukoo, taja pia, maana figo za watoto hao hutoa mkojo mwingi. Zipo dawa za usiku na kengele za kumwamsha mtoto akianza kulowa, ila hayo daktari huyapanga baada ya choo na mchana kukaa sawa. Ujipe miezi kadhaa, si wiki.

Kuhusu bweni, mwaka 2023 Serikali ilizuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulazwa bwenini, kwa hiyo mweleze mumeo kwamba kijana wa darasa la pili si wa kupelekwa huko. Na hata ingeruhusiwa, huko angelala na wageni, anaogopa usingizi, na hakuna wa kumuuliza amepata choo lini. Siku ya bweni ikifika kweli na shida bado ipo, zungumza na matroni wewe mwenyewe kabla ya kuripoti. Apewe kitanda cha chini karibu na mlango, na mpira wake utandikwe kabla wenzake hawajaingia.