"Anti, naomba umpe hii saa nane"

Asubuhi kati ya saa moja kasorobo na saa mbili, geti la kituo changu huwa kama stendi. Bajaji inaunguruma nje, mtoto analia hataki kuachwa, mama kabeba pochi na mwamvuli, na kwa mkono uliobaki anakuchomekea kichupa: "Anti, naomba umpe hii saa nane, kijiko kimoja, gari inaniacha." Ukija kufungua mdomo, ameshafika barabarani.

Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Dar es Salaam, pande za Tabata, mwaka wa tisa sasa. Miaka miwili ya mwanzo nilipokea vichupa hivyo bila swali. Niliona ndiyo huduma nzuri. Mzazi kaniamini, mimi nani nimkatalie?

Aliyenibadilisha ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa na mafua tu. Baba yake alileta dawa ya maji kwenye kichupa kilichobanduka lebo, akasema kijiko kimoja saa sita. Nilimpa kwa mkono wangu, kwa kijiko cha jikoni tunachonyweshea uji. Akalala. Saa nane wenzake wakaamka, yeye kalala. Saa tisa nikamwita jina, nikamtekenya nyayo. Akafungua macho, akayafumba tena. Tukakimbia naye zahanati. Daktari akaniuliza mambo manne: dawa gani, umempa kiasi gani, saa ngapi, mtoto ana kilo ngapi. Nilichojua ni saa tu. Mama yake alipofika ndipo ikajulikana kwamba naye alishampa dawa ileile asubuhi, baba hana habari. Ilikuwa dawa ya mafua ya aina ile inayoleta usingizi. Walikaa naye wakimwangalia mpaka saa mbili usiku, alipoamka akidai maziwa. Leo yuko shule ya msingi, akipita ananipungia mkono. Mimi bado nazikumbuka zile nyayo.

Maswali yale manne ndiyo yaliyozaa daftari langu la dawa. Nilinunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula: jina la mtoto na kilo zake, dawa, kiasi, saa ya kumpa, sahihi ya mzazi. Nikaongeza safu moja ya kwangu: nyumbani amepewa mara ya mwisho saa ngapi? Safu hiyo imeniokoa kuliko zote. Na mzazi anaandika mwenyewe. Nikiandika mimi, yeye anaitikia "ee, ee" huku macho yako kwenye simu. Akishika kalamu ndipo kumbukumbu zinamjia: "Subiri Anti, kumbe bibi yake alimpa kidogo alfajiri." Upande wa pili anajaza mlezi aliyempa mtoto dawa, jina lake na saa, papo hapo. Kila siku anayegawa dawa ni mmoja, maana walezi wawili wenye huruma wanaweza kumpa mtoto mmoja dozi mbili. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua, alilifungua daftari hilo kabla hata ya kuangalia jiko.

Kiasi tunaandika kwa mililita. Kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya nyumbani kila familia ina vyake, na kile cha chakula kinaweza kubeba mara tatu ya hapo. Bomba la sindano lisilo na sindano linauzwa bei ndogo duka la dawa, na kila mtoto anakuja na lake.

Halafu lebo. Wazazi wengine huona nawasumbua. Chukua parasetamoli ya maji: ipo yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na ipo yenye 250. Zote tamu, zinapimwa kwa kijiko kilekile, lakini mtoto wa chupa ya pili amekunywa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo dawa iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine haiingii kwangu, hata ya rafiki yangu. Hasa ya rafiki yangu, maana huyo ndiye anayejua kunibembeleza.

Siku hizi nguvu yangu kubwa naitumia kupunguza dawa zinazofika getini. Mzazi akiandikiwa 1×3, anahesabu asubuhi, mchana, jioni, basi ile ya mchana imeshakuwa yangu. Namwomba arudi kwa aliyemwandikia amuulize kama ipo inayonywewa mara mbili kwa siku. Mara nyingi haikosekani. Kama kweli ni ya kila baada ya saa 8, tunapanga saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, na hiyo ya saa 8 naipokea kwa moyo mmoja. Zinki ya kuharisha ni mara moja kwa siku, ampe jioni. Dawa ya mseto ya malaria, ukiacha siku ya kwanza ambayo dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, inakwenda asubuhi na jioni. Na mtoto mwenye malaria, siku hiyo ya kwanza hatakiwi kuwa kwangu. Hesabu ikishafanyika, vichupa vingi vinabaki nyumbani. Lakini ratiba asiibadilishe mlezi kwa kichwa chake, wala mzazi.

Dawa mpya ianzie nyumbani. Mtoto akitoka vipele au akivimba midomo, awe kwa mama yake.

Ninayokataa moja kwa moja: dawa ya kikohozi "ili alale vizuri", antibayotiki iliyobaki ya kaka yake, na chochote cha kutia kwenye chupa ya maziwa bila mtoto kujua. Mitishamba inahitaji ulimi laini. Bibi mmoja alinijia na maji ya mizizi ya mchango. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hii mikono yangu haijui kipimo chake, nitaiharibu." Akacheka, akaondoka na chupa yake. Jioni nikamweleza mama mtu waziwazi kwamba mtoto apelekwe kliniki.

Gumu kuliko yote ni homa iliyofunikwa. Mtoto kapewa dawa ya homa saa 11 alfajiri, anafika kachangamka, saa nne anawaka kama jiko. Zamani nilikasirika. Nimekuja kuona kwamba mama huyo si mwongo, ana bosi, na akikosa siku mbili kibarua kimeota nyasi. Kwa hiyo tumewekeana makubaliano: aniambie ukweli getini, nami simfokei, ila homa ikirudi nampigia, na lazima awe na mtu wa kuja kumchukua ndani ya saa moja. Simpi dozi nyingine ya kusukumia siku. Nikishusha homa ile mara ya pili, sitajua mtoto anaelekea wapi.

Pumu na kifafa ni habari nyingine. Hapo nataka karatasi ya hospitali, na mzazi anifundishe kwa vitendo mbele ya walezi wote. Dawa nyingine zinakaa kabatini juu, kwenye kufuli, lakini ya pumu haifungiwi. Niliwahi kwenda sokoni na funguo mfukoni. Siku hiyo hakuna aliyebanwa, na sitaki kujaribu tena.

Zipo pia dawa ambazo mzazi hataki zitajwe. Anakuomba pembeni, sauti chini. Usimchimbe. Muulize kama zinaweza kunywewa nyumbani asubuhi au usiku, na kama haiwezekani, ukurasa wake uwe kwenye daftari lako la pekee. Lile la getini kila mzazi analisoma akisubiri zamu ya kuandika.

Na kuna siku utakosea. Ukisahau dozi, usimpe mbili kufidia, piga simu. Ukizidisha, au ukimpa mtoto dawa ya mwenzake, piga simu saa ileile, kabla hujapanga maneno ya kujitetea, na mpeleke hospitali hata kama anacheza. Chupa nenda nayo.