Katikati ya Mwanza kwa miguu: anza na ziwa

Safari yangu ya kwanza Mwanza nilikaa siku nne na mji sikuuona. Kila asubuhi nilipanda bodaboda mlangoni pa nyumba ya wageni, nikashushwa niendako, jioni nikarudishwa. Nilikuwa nalipia umbali ambao leo naumaliza kwa miguu dakika kumi. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na mgeni akiniuliza aanzie wapi, namwambia alitafute Ziwa Victoria kwanza.

Katikati ya mji, ziwa liko upande wa magharibi, na ardhi inateremka kulielekea. Upande wa pili kuna vilima, na kilima cha Bugando, chenye hospitali kubwa juu yake, unakiona ukiwa karibu popote. Ukishika alama hizo mbili huna haja ya kutoa simu kila kona. Penye msongamano simu ikae mfuko wa mbele.

Toka saa moja asubuhi. Ikifika saa sita mawe na lami vimeshapata moto, na mji huu una miinuko mingi kuliko unavyodhani. Vaa viatu vilivyozoea mguu wako.

Anzia Kamanga, kwenye kivuko cha kwenda upande wa Sengerema. Simama kando uangalie abiria wakishuka na mizigo yao kichwani. Jirani tu, ndani ya maji, lipo Jiwe la Bismarck, limekaa juu ya mawe mengine kama mtu alilipachika kwa mkono, na bado lina jina la kansela wa Ujerumani tangu enzi za wakoloni. Jiwe piga picha utakavyo, ila kivuko, bandari na stesheni uliza kwanza. Maji yanavutia, lakini usiingize miguu: kichocho kipo ziwani, na dakika chache zinatosha kukuambukiza.

Ukipanda kuelekea mjini utafika kwenye mnara wa saa, wenye kibao kinachomtaja Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake. Kisome, kisha kumbuka kwamba Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua humo vizazi na vizazi, nao walikuwa na jina lao la ziwa.

Kutoka hapo, soma vibao vya barabara. Hili sikuliona nilipokuwa juu ya pikipiki, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kenyatta, Nkrumah, Lumumba. Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi, aliyeuawa mwaka 1961, mwaka uleule aliouawa Lumumba. Balewa, waziri mkuu wa Nigeria, aliyeuawa 1966. Waliotoa majina haya walitaka tuwakumbuke. Kama una mtoto, tembea naye mtaa kwa mtaa umsimulie.

Makoroboi, eneo la biashara, pape muda mrefu, hata saa mbili. Jina limetokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa zilizotengenezwa hapo kwa makopo na mabati chakavu. Biashara imetapakaa hadi karibu na hekalu la Wahindu: nguo, sufuria, majiko ya mkaa. Usipite kimya. Salimia kwa Kisukuma: asubuhi sema "mwangaluka", mchana "mwadila"; hata ukikosea matamshi, mama muuzaji atakusahihisha kwa furaha, na mazungumzo yameshaanza. Mimi hivyo ndivyo nilivyojua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Nilidhani ni muhogo. Mama mmoja akanipa kipande nionje, akanieleza jinsi kwao wanavyoviweka akiba hadi mavuno mengine. Ukishukuru, sema "wabeja".

Chakula cha mchana ni sato na ugali. Ingia mahali unapowaona wachukuzi na makarani wamekaa meza moja. Hapo samaki hajalala. Kisha pumzika, jua lipungue.

Mnamo saa kumi na mbili rudi Kamanga ukakae ulitazame jiwe. Jua linatua ng'ambo ya ghuba, karibu saa moja, na mitumbwi inageuka vivuli. Baada ya hapo usirudi kwa miguu. Maduka yakifungwa mitaa ya katikati hubaki mitupu haraka, na hapo ndipo bodaboda inapofaa. Patana bei kabla ya kupanda.