Big Bend kwa pikipiki wakati wa baridi ukitokea Houston

Mkuu umeuliza kama Honda CB500X yako inaweza kukutoa Houston mpaka hifadhi ya Big Bend, kule magharibi mwa Texas, na kukurudisha, siku nne, peke yako, wiki ya Krismasi, na ubebe nguo gani. Pikipiki inaweza, tena vizuri tu. Kinachonitia wasiwasi ni hizo siku nne na hiyo wiki uliyochagua. Mimi nimeshaenda mara tatu, zote kati ya Desemba na Februari, natumia Suzuki V-Strom 650, na mara ya kwanza nilienda na ratiba kama hiyo yako kabisa ndo maana naandika kwa urefu.

Chukua ramani kwanza. Houston San Antonio ni kama kilometa 320, San Antonio Del Rio 245, Del Rio Marathon karibu 280, halafu Marathon mpaka Panther Junction ambapo ndo makao makuu ya hifadhi ni 110 nyingine. Hapo una 950 na ushee kwenda tu. Sasa mwisho wa Desemba kule jua linatoka kama saa mbili kasoro robo asubuhi na saa kumi na mbili kasoro linazama, yaani una masaa kumi ya mwanga, na humo ndani utoe kujaza mafuta, kula, kunyoosha mgongo, kuvaa na kuvua. Ukilazimisha siku moja maana yake kile kipande cha mwisho, ambacho ndo hakina watu kabisa, unakipiga usiku umechoka na baridi imeshuka. Na giza la kule usilifananishe na la huku mjini, hifadhi ile tangu 2012 inatambulika kimataifa kwa giza la anga lake, ni raha kubwa ukiwa umelala chali unaangalia nyota ila ukiwa kwenye pikipiki na kulungu wanakatiza ni habari nyingine.

Kwahiyo mimi nasema siku sita. Mbili za kwenda unalala Del Rio, mbili za ndani, mbili za kurudi. Kama siku sita hazipatikani ni bora uahirishe kuliko kukimbiza, sababu haraka ndo inamfanya mtu aendeshe usiku, na haraka ndo inamfanya mtu asisimame kuvaa pale mwili unapomwambia simama vaa.

Nikuelezee baridi ya kule maana wengi wakisikia jangwa wanawaza joto. Ni jangwa la Chihuahua, mchana wa Januari unaweza kuwa mzuri wa kuvua jaketi kabisa, usiku ukakuta maji ya kwenye chupa yameganda. Halafu kuna mwinuko. Kambi ya Rio Grande Village kando ya mto kiko mita 560 hivi juu ya bahari, Panther Junction 1,140, na Chisos Basin katikati ya milima iko karibu 1,650. Wale wa Tanga wenzangu wanaijua hii, ni kama unatoka Mombo fulana tu unafika Lushoto unatafuta sweta, kila mita elfu moja unazopanda hesabu nyuzi sita au saba zimeondoka. Ndani ya hifadhi moja, siku moja, unapita misimu miwili.

Ila hiyo unaweza kuipangia. Isiyopangika kirahisi ni upepo wa kaskazini, wenyeji wa Texas wanauita norther. Ni hewa baridi inashuka kutoka bara kule juu bila kukutana na kizuizi chochote, na ikifika joto linaporomoka ndani ya saa moja mbili, sio kidogo kidogo.

Ulinikuta safari ile ya kwanza, siku ya kurudi. Nimetoka mtoni mchana kama saa saba, jua kali, nguo zote nzito nimezifunga kwenye begi la nyuma na wavu juu nimeukaza vizuri kabisa. Nimefika Persimmon Gap ambapo ndo lango la kaskazini naona mbele kule mbali mstari wa mawingu ya bluu nzito umelala chini chini, nikasema hiyo mvua itapita pembeni. Haikuwa mvua. Upepo ukanipiga kifuani mpaka pikipiki ikayumba, na kutoka pale mpaka Marathon ni kilometa kama 65, hamna nyumba, hamna mti wa kujikinga, na barabara inapanda, Marathon yenyewe iko juu zaidi ya mita 1,200. Kosa langu nikasema niongeze mwendo nifike haraka. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa natetemeka, baadae nikaacha kutetemeka nikadhani nimezoea, kumbe hiyo ndo dalili mbaya. Nafika sheli Marathon vidole vya kushoto havivuti klachi, injini ikazima ghafla na mimi nikaenda chini na pikipiki yangu pale pale kwenye pampu. Kuna mama mmoja alikuwa anajaza gari lake akaniinua, akaniingiza kwenye gari akawasha hita, akanipa kahawa, nikawa najaribu kumshukuru maneno hayatoki vizuri, ulimi mzito kama mlevi. Nilikaa saa nzima mule ndani. Sijui jina lake mpaka leo na huwa namuombea.

Fanya hesabu uone. Jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani linasema nyuzi 40 za Farenhaiti, yaani kama nne za Selsiasi, kwenye upepo wa maili 60 kwa saa ngozi inahisi nyuzi 25, ambayo ni chini ya sifuri Selsiasi. Na wewe maili 60 ndo mwendo wako wa kawaida, kwahiyo upepo huo unautengeneza mwenyewe hata siku ambayo jani halitikisiki, alafu ukikutana na upepo wa kweli wa mbele ndo unajumlisha. Ndo maana dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo, ya pili kusimama na kuvaa, na usimame wakati bado vidole vinaweza kufunga zipu.

Nguo sasa. Ndani kabisa sio pamba, pamba ikishika jasho inakugandisha, vaa zile za sufu au za mazoezi zinazokauka haraka. Juu yake kitu kizito, juu yake jaketi la pikipiki, na juu ya yote koti la mvua hata kama hakuna wingu, koti la mvua linazuia upepo kuliko kitu chochote cha bei hiyo. Shingoni pafunikwe, upepo ukiingia kwa kola yote uliyovaa haina kazi. Glavu beba pea mbili, nyepesi na nzito. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu nunua vesti ya umeme inayochomekwa kwenye betri ya pikipiki, kifua kikiwa na joto damu inafika mpaka kwenye vidole, mimi niliinunua baada ya ile siku na safari mbili zilizofuata nilikuwa mtu tofauti. Na hizo nguo zikae juu ya begi mahali pa kufikia kwa mkono mmoja. Zangu zilikuwepo siku ile, zilikuwa mita moja nyuma yangu, zimefungwa vizuri mno.

Mafuta. Tangi lako ni lita 17 na kitu, kwenye mwendo wa kawaida unapita kilometa 400, ila upepo wa mbele unakula mafuta vibaya usiamini ile namba ya kwenye dashibodi. Jaza Del Rio, jaza Sanderson (hapo katikati ni kama kilometa 195 usitegemee kitu), jaza Marathon hata kama limepungua kidogo. Ndani ya hifadhi kuna sheli Panther Junction na Rio Grande Village, magharibi nje ya lango kuna Study Butte, basi. Hapo katikati ya Comstock na Langtry utapita daraja la juu la mto Pecos, mita 83 kutoka juu mpaka majini, simama uone ila ukiwa unapita juu yake shika usukani kwa mikono miwili, upepo wa pembeni pale unasukuma.

Barabara kuu ya I-10 mpaka Fort Stockton ni fupi kwa muda lakini kule magharibi spidi inaruhusiwa mpaka maili 80 na malori yanakupita kila dakika, kwa 500cc kwenye baridi sioni faida yake. Highway 90, ndo hiyo ya kupitia Del Rio, ni tulivu.

Ndani ya hifadhi lami inatosha kabisa kwa mara ya kwanza, mwendo mwisho maili 45. Ile Ross Maxwell ya kwenda Castolon na korongo la Santa Elena ndo barabara tamu kuliko zote nilizowahi kupita, kama kilometa 48, mwisho wake unasimama mbele ya ukuta wa mawe wa mita 450 mto unatokea katikati. Kurudi watu wanashawishika kukatiza Old Maverick ambayo ni vumbi kilometa 22 hivi. Ikiwa kavu unapita japo imekuwa kama bati la mgongo, ikiwa imenyesha achana nayo, udongo wa pale ukilowa unajaa kwenye tairi kama sabuni. Na miiba, kuna mmea mfupi kama katani kwa umbo unaitwa lechuguilla, ncha zake zinatoboa tairi, mimi nilipata pancha ya nyuma humo humo na netiweki hakuna. Nilikuwa na plagi za kuziba tairi na pampu ndogo ya umeme nikamaliza kama nusu saa. Tairi zako hazina tyubu kama zangu kwahiyo hivyo vitu viwili vinatosha, ila jifunze nyumbani kwanza, usiende kujifunzia kule vidole vimekufa ganzi. Na upepo wa tairi pima asubuhi, kila joto likishuka nyuzi kumi za Farenhaiti unapungua kama PSI moja.

Ile River Road ya hifadhi, kilometa 80 na zaidi za mchanga na mawe, usiingie peke yako. Hapo sitaki hata kubishana. Kama unataka kuona mto kwa lami toka Lajitas nenda Presidio kwa barabara ya 170, kama kilometa 80, inapanda mlima mmoja mteremko wa asilimia 15 alafu kona baada ya kona, ng'ombe wanatembea wanavyotaka.

Kulala, kama ni hema chagua Rio Grande Village sababu iko chini na ni ya joto kuliko Basin. Begi la kulalia la kufika angalau nyuzi 20 Farenhaiti, mimi naongeza na shuka la kimasai, chupa ya maji ya moto miguuni. Usipange kuota moto, kuni haziruhusiwi kuwashwa hifadhini, beba jiko dogo la gesi. Chakula weka kwenye yale masanduku ya chuma ya kambini maana kuna dubu na pikipiki haina buti la kufunga. Maji wanashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, hata msimu wa baridi, kiu huisikii lakini hewa ni kavu inakukausha. Na wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya kambi zinajaa, watu wanabuku miezi kabla, kwahiyo ukienda bila nafasi utajikuta unazunguka usiku unatafuta pa kulala, tunarudi pale pale kwenye giza na baridi.

Lingine wengi wanasahau, makaratasi. Ukitoka hifadhini kurudi kaskazini, iwe kwa njia ya Marathon au ya Alpine, kuna vizuizi vya maofisa wa mpaka wanauliza uraia. Kama una grini kadi sheria inakutaka utembee nayo, sio picha kwenye simu, yenyewe. Kama ni viza beba pasipoti na makaratasi yako yote. Mimi wameniuliza mara zote tatu, maswali mawili ukijibu unapita. Pia utaona watu wanavuka kwa mtumbwi kwenda kijiji cha Boquillas upande wa Meksiko, pale ni mpaka halali tangu 2013, unaacha pikipiki huku, chakula chao kizuri na watu wakarimu, lakini kama makaratasi yako ya kurudi Marekani yana utata wowote baki huku.

Peke yako inawezekana kwenye lami, ila kodi au azima kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti na umpe mtu wa nyumbani ratiba yako na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Na asubuhi ya kila siku angalia utabiri wa upepo kabla ya joto. Ukiona upepo wa kaskazini unaingia siku yako ya kurudi, baki ulipo siku moja, bosi mpigie simu kutoka Panther Junction.

Mimi Krismasi niko kazini siwezi. Ila ukisogeza mpaka katikati ya Januari kambi zinapungua watu na mimi nina likizo wiki ya pili, tunakutana San Antonio saa mbili asubuhi tunaenda wote, vesti ya zamani ninayo moja ya ziada, angalia tu kama waya wake unaingia kwenye betri yako.