Kunuka na kunukia: barua kwa mwanangu kuhusu dawa ya kupuliza

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu na anauliza kama yule paka amekwisha kupewa jina. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma. Umesema kwamba paka amekojolea zulia na kona ya kochi katika nyumba yako ya mtaa wa Tudor, kwamba hutaki yale makopo ya manukato yanayokubana kifua, na kwamba umekusudia kutia siki, magadi na mafuta ya karafuu katika chupa moja ya kupulizia, hivyo unaniomba vipimo. Vipimo nitakupa, ila si vya mchanganyiko huo, kwani katika vitu vitatu ulivyovitaja viwili vinauana na cha tatu kinaweza kumdhuru paka mwenyewe.

Lugha yetu imetenganisha kunuka na kunukia, na makopo ya dukani huifanya nyumba inukie ilhali bado inanuka, ndiyo maana baada ya saa moja unabaki na mkojo uliopakwa waridi. Unachokitaka wewe ni kitu cha kuigeuza au kuitoa hiyo inayonuka. Mkojo wa paka una urea, ambayo bakteria huivunja ikatoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Amonia ni besi, yaani kinyume cha asidi, na siki ni asidi, basi zikikutana huzaa chumvi isiyoruka hewani. Jambo hili ulilijua kabla hata hujaenda shule, maana umemwona bibi yako, akimaliza kupara changu, akijisugua vidole kwa kipande cha ndimu. Shombo ya samaki inatokana na trimethilamini, ambayo nayo ni besi, na ndimu ndiyo asidi yake. Mimi nilikaa miaka mingi nikiosha chupa na kupima dawa katika maabara ya shule, lakini somo hili nililipata kwanza jikoni kwa mama yangu.

Chukua kikombe kimoja cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji, tia katika chupa safi ya kupulizia, kisha andika juu yake kilichomo. Usitumie siki ya kahawia wala siki ya tembo la mnazi, kwa kuwa zitaacha doa kwenye zulia lako. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya kochi kwa mfano, uone kama rangi ya kitambaa inatoka. Kabla ya kupuliza, kandamiza taulo kuukuu juu ya penye mkojo, simama juu yake kwa uzito wako wote, geuza upande mkavu, usimame tena, hadi taulo litoke halina unyevu. Usisugue, kwani kusugua hueneza. Mimina maji baridi kidogo, kandamiza tena, ndipo upulize siki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hupuliza ukungu mwepesi juu ya nyuzi na kwenda zao, ilhali mkojo umekwisha kushuka hadi kwenye sponji. Siki sharti ifike pale mkojo ulipofika. Iache dakika 15, kausha kwa taulo, fungua madirisha na uwashe feni. Harufu ya siki yenyewe itaondoka kitambaa kikikauka.

Zulia likishakauka kabisa, nyunyizia bekingi soda kavu, ilale usiku kucha, na asubuhi uifagie au uivute kwa mashine, ukimweka paka mbali wakati huo asije akairamba. Nasema bekingi soda, si yale magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi kwa ngozi na kwa nyuzi. Na usiitie ndani ya chupa ya siki. Zikikutana zinatoa povu la kaboni dioksidi, na povu likiisha unabaki na maji yenye chumvi ambayo hayana asidi ya siki wala nguvu ya soda. Ukiifunga chupa kabla povu halijaisha, huenda ikapasuka mkononi.

Kuna jambo moja ambalo siki haiwezi, nalo ni asidi ya uriki. Hiyo haiyeyuki vizuri katika maji. Hubaki ndani ya nyuzi kama chembe kavu usizozinusa, hadi hewa ipate unyevu. Kwa mji wetu huu ina maana ya kwamba utasafisha leo, useme alhamdulillahi, kisha mvua za masika zianguke na kochi lizungumze upya. Kwa doa la siku nyingi nunua dawa yenye vimeng'enya, yaani enzaimu za kuivunja asidi hiyo, katika duka la vifaa vya mifugo, usione haya kwamba haikutengenezwa nyumbani. Ukitaka kujaribu ya nyumbani kwanza, ipo ile aliyoitangaza mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, mwaka 1993, kwa ajili ya mbwa waliopigwa na uvundo wa mnyama wa huko aliye mfano wa kicheche wetu: takriban lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, robo kikombe cha bekingi soda, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Wewe gawanya vipimo hivyo kwa nne. Changanya kwenye bakuli lililo wazi, utumie papo hapo, kinachobaki ukimwage, kwa kuwa hutoa oksijeni na hakifungiki kwenye chupa. Fahamu pia kwamba hufifisha rangi, kwa hiyo mkeka wa rangi wa bibi yako usiuguse nayo, na usiichanganye na siki.

Kuhusu kuta, nakueleza yaliyonipata mimi. Dume moja la mtaani liliruka dirishani likapiga mkojo kwenye ukuta wa ukumbi wetu, nami kwa ujuzi wangu wote wa maabara nikaupulizia siki. Nikasikia mchemko mdogo kama wa soda iliyofunguliwa, nikaona vipovu vyeupe vikitambaa kwenye plasta, na nilipopitisha kitambaa kikatoka na unga. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huliwa na asidi. Mama yako bado ananionyesha lile doa kila wageni wanapokuja. Kwako Tudor kuta ni za saruji na rangi, lakini ile sakafu yako ya terazo ina vipande vya marumaru, ambayo nayo huliwa na asidi, basi siki usiifikishe hapo. Tumia kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, futa, kisha futa tena kwa maji matupu ili usiache weupe.

Mafuta ya karafuu yaache kabisa. Ini la paka halina uwezo kama wetu wa kuzivunja dawa za jamii ya fenoli, na karafuu imejaa hizo. Yeye hukanyaga zulia, kisha huramba miguu yake. Mafuta ya mkaratusi, ya mchaichai na ya maganda ya machungwa nayo yamo katika orodha hiyo hiyo, pamoja na zile dawa za kuua viini zinazogeuka maziwa zikiingia majini. Na maji ya klorini ya kung'arishia nguo yasikutane na siki wala na mkojo wenyewe, kwa kuwa hutoa gesi inayokata pumzi, na wewe kifua chako nakijua.

Jikoni kazi ni nyepesi: kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji hutosha kwa meza na ndoo ya taka. Kama baada ya hapo ungali unataka nyumba inukie, weka asmini kwenye kisahani, au ufukize udi kidogo madirisha yakiwa wazi na paka akiwa chumba kingine.

Mtazame pia huyo paka. Akiwa anachutama mara kwa mara na mkojo hautoki, hasa akiwa dume, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri na mataulo mawili kuukuu na chupa niliyokwisha kuipima. Lile zulia usilitupe kabla sijafika.

Ni mimi baba yako.