Galaksi nyingine zinaonekana kwa macho matupu kutoka Dar

Kaka, umeuliza kama galaksi nyingine, yaani makundi makubwa ya nyota nje ya galaksi yetu, zinaonekana kutoka Dar. Ndiyo, zinaonekana bila darubini, ila si ukiwa Kariakoo kwenye mwanga wa taa. Nenda Kigamboni, upite Kimbiji, usiku usio na mbalamwezi.

Mwishoni mwa Januari, vuli ikishaisha, saa tatu usiku tazama kusini, kama theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona kitu kama kiwingu cheupe kisichosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mimi huliona huko huko kila mwaka, na bado linanisisimua. Februari 1987 nyota ililipuka humo na watu wakaiona kwa macho. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, kutoka kwenye mlipuko huo zilinaswa duniani saa kadhaa kabla ya mwanga wake kuonekana!

Galaksi ya Andromeda nayo ipo, Novemba, upande wa kaskazini. Iko mbali zaidi, kama miaka ya nuru milioni 2.5, na hafifu. Yape macho dakika 20 gizani kwanza, simu ikiwa mfukoni.