Jibu kwa mdogo wangu wa Wete: jodari usimtie chupani

Mdogo wangu, asalaam alaykum. Umeuliza kama unaweza kutia jodari, kuku na maharage kwenye chupa za jemu, ukazichemsha kwa presha kuka, ukazipanga rafuni mpaka kusi ipite, kama wale kina mama wa Marekani unaowaona kwenye video. Tena umeuliza akiba ya watu sita iwe kiasi gani. Nianze na jodari, maana hapo niliungua mwenyewe.

Mwaka 2021 jodari alishuka bei hapa dikoni kwetu Bububu, nikanunua wawili. Nikakata vipande, nikatia chumvi, nikajaza chupa 11, nikazichemsha kwa zamu ndani ya presha kuka, kila zamu kama saa moja. Zilipopoa, vifuniko vikaanza kunywea ndani, tak, tak, tak, nami nikajiona fundi. Nikazificha chini ya ngazi. Wiki ya tatu naingia kuchukua ndoo, nakuta chupa mbili vifuniko vimevimba, moja imetema mchuzi hadi sakafuni. Zile tisa zilikuwa safi, hazinuki, hazina povu. Nikasema mbili nitupe, tisa tutakula. Nilishafungua moja na kitunguu kimeshakatwa, ndipo akaingia mtoto wa kaka yangu, ambaye kasomea usindikaji wa vyakula. Akatazama chupa, akatazama sufuria, akaniambia, "Shangazi, hawa wote ni wa kuzika."

Mama alinung'unika sana kuhusu israfu. Lakini maelezo ya yule mtoto yalinitoa jasho. Kuna bakteria wanaokaa kwenye udongo na matope ya bahari, na mbegu zao hazifi kwa maji yanayochemka, hata uchemshe kutwa, kwa sababu maji ya kawaida hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Mbegu hizo zikibaki mahali pasipo hewa, pasipo ukali wa siki au ndimu, penye majimaji na joto kama letu, huamka na kutoa sumu. Ugonjwa wake unaitwa botulizimu. Mtu huanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinalegea, kumeza kunamshinda, mwisho pumzi. Ukiona dalili hizo baada ya kula chakula cha chupa ni hospitali mbio, si wakati wa kunywa maziwa. Na sumu hiyo si lazima ivimbishe kifuniko wala inuke. Kule kunywea kwa kifuniko nilikojisifia ndiko kulikowafungia hewa nje, na wao ndivyo wanavyopenda.

Wale kina mama wa Marekani wanatumia chombo kingine kabisa, kinafanana na presha kuka yetu kwa sura tu. Ni kikubwa, kina kipimo cha mgandamizo, na humo joto linafikishwa nyuzi 116 na zaidi, likashikiliwa hapo kwa muda uliopimwa maabara. Samaki kwa chupa ya kiasi cha nusu lita ni dakika 100, nyama dakika 75. Presha kuka zetu za jikoni zinapata moto haraka na kupoa haraka, na hakuna aliyezipimia dakika za kazi hiyo. Huna chombo kile, basi jodari, kuku, maharage, kisamvu na mchuzi wa nazi usivitie chupani vikae nje. Hapo sina mjadala na mtu.

Za kwangu nilizizika shimo la kina cha kiuno, paka wasifukue.

Kabla sijasahau: thomu (kitunguu saumu) ya kusaga yenye mafuta juu, ile tunayoweka kwenye kichupa ikakaa, nayo ni kundi hilohilo. Thomu inatoka ardhini na mafuta yanafunga hewa. Iweke kwenye friji siku chache tu, au igandishe vipande vipande. Ikishalala nje umeme umekatika, mwaga. Najua wengi mtanicheka hapa, nichekeni.

Sasa vinavyofaa chupa. Kitu kikali kwa uchachu tu, basi. Ukali ndio unaowazuia wale jamaa wasiamke, kwa hiyo hapo kuchemsha kwa maji ya kawaida kunatosha. Embe mbichi, ndimu, mbirimbi, ukwaju, jemu ya nanasi, pilipili ya siki. Achari ya ndimu ndiyo rahisi kuliko zote: unapasua ndimu mara nne bila kuiachanisha kitakoni, unashindilia chumvi, unazipanga kwenye chupa kavu na kuianika juani, kila siku unaitikisa, mpaka maganda yalainike na maji yake yazifunike. Usiingize kijiko kibichi. Nyumba nyingi achari inaharibiwa na kijiko cha mtoto aliyetoka kula wali.

Tungule, yaani nyanya, zina ujanja. Watu wanadhani ni kali, kumbe zimekaa mpakani, nyingine hazifiki. Zipitishe kwenye maji moto umenye, ziponde, zichemshe, kisha katika kila chupa ya nusu lita tia vijiko viwili vya chakula vya siki yenye asilimia 5. Soma kwenye lebo, siki nyingine za dukani ni hafifu. Usitie kitunguu, thomu wala pilipili boga humo, vinapunguza ukali. Utavikaanga siku ya kupika. Acha nafasi ya upana wa kidole juu. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, chini ya chupa, maji yazifunike chupa kabisa, na uhesabu dakika 35 tangu yanapochemka vizuri. Sisi tupo usawa wa bahari, hatuhitaji kuongeza muda kama watu wa milimani. Zikipoa, bonyeza kifuniko katikati. Kikirudi juu, hiyo haikushika, ipike leo au itie kwenye friji. Vifuniko vya jemu vilivyokwisha kutumika vinakataa mara nyingi. Kwangu chupa 10 hushika saba au nane, ndiyo maana siziachi zaidi ya miezi minne.

Na samaki je? Mdogo wangu, wewe uko Pemba, unatafuta nini kwenye video? Muulize mama mkwe wako ng'onda. Samaki anapasuliwa, anatolewa matumbo, anaoshwa maji ya bahari, anashindiliwa chumvi, anaanikwa mpaka awe kama ubao. Dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi kisha juani. Mchezo wao ni uleule, chumvi na ukavu vinawanyima bakteria maji. Fanya kazi hiyo kaskazi, jua linapochoma. Ukisubiri masika utapata ukungu na nzi. Muhogo nao ufanye makopa, ingawa ghala zuri la muhogo ni ardhi yenyewe, unaung'oa unapouhitaji. Na nazi usizifue. Nazi kavu yenye makumbi yake inakaa miezi, ukishaifua ni hesabu ya wiki.

Mimi sina imani na friza tangu Disemba 2009, ilipoharibika njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka bara na Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Nyinyi Pemba wakati ule mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha. Nilikuwa na friza imejaa nguru na nyama ya ng'ombe. Siku ya pili tuligawa mtaa mzima, tukala kama harusi, halafu miezi mitatu tukala ng'onda. Lakini kilichotutesa hasa ni maji. Pampu hazifanyi kazi bila umeme, na foleni ya kisima cha msikitini ilianza kabla ya alfajiri. Kwa hiyo ukiniuliza kitu cha kwanza cha akiba nitakwambia mapipa mawili ya maji yenye mfuniko, ndipo tuzungumze mchele.

Mchele nyumbani kwetu tupo saba, tunapika kilo mbili na nusu kwa siku, polo la kilo 50 linatimiza siku 20. Nyinyi sita, kama mnakula kama sisi, polo moja ni kiasi cha siku 23. Nashauri polo moja la kula na moja nyuma yake. Hilo la nyuma likisogea mbele, nunua jingine. Usirundike mapolo matano, fukusi watakushukuru. Mimina kwenye pipa kavu la plastiki linalobana. Mkwe wangu anatia karafuu, mimi naamini mfuniko. Ongeza choroko na kunde kilo kumi, unga, sukari, mafuta, chumvi nyingi, mkaa gunia moja pahali pakavu hata kama una gesi. Nunua Rajabu, usingoje mwisho wa Shaabani, Ramadhani imebisha hodi na kila mtu yuko marikiti. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotukaribia na boti zikasimama, waliohangaika ni waliokuwa wananunua kilo mojamoja.

Ukipata chupa zenye vifuniko vipya huko Wete nijulishe bei, hapa mjini nimezunguka Darajani nzima nimeambulia sita. Mbirimbi zangu zinaanguka chini ya mti na mvua haitaki kukatika.