Usishuke Jukwaani kwa Sababu Televisheni Imekuita

Karibu kila wiki kuna kijana ananiandikia: "Shikamoo dada, nataka kuwa mchekeshaji, na pia niandike vipindi vya TV. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Leo nakujibu kwa urefu, maana kazi zote mbili nimezifanya kwa miaka kumi na mmoja sasa, na kuna kosa moja ambalo sitaki ulirudie. Nilipopata mkataba wangu wa kwanza wa kuandika kipindi, niliacha jukwaa. Nikakaa karibu miaka miwili bila kushika maiki. Maandishi yangu yakaanza kukauka, na kila mtu aliligundua hilo kabla yangu.

Nilianza kwa u-MC wa kicheni pati kwetu Tanga, nikahamia Dar, nikaomba dakika tano kwenye baa moja Sinza iliyokuwa na usiku wa vichekesho. Nilikuwa na kichekesho cha konda wa daladala. Nilikisema hivi: "Konda angekuwa nesi, angewalaza wagonjwa wanne kitanda kimoja, maana kila siku anatuambia tujibane." Watu walinitazama. Nyuma kuna mtu aliagiza soda, na sauti yake niliisikia vizuri kabisa.

Usiku ule nilikuwa nimejirekodi kwa simu. Kwenye gari la Mbagala nikaweka spika masikioni nikasikiliza, na hapo ndipo nilipoanza kuijifunza kazi. Nilikuwa nimewapa kicheko, halafu nikawaelezea sababu ya kucheka! Wiki iliyofuata nikageuza: konda amevaa koti jeupe, anafungua mlango wa wodi, vitanda vimejaa, anapiga bati mara mbili, anasema, "Mzee wa dripu, ishike vizuri, mwenzio akae." Wakacheka kidogo. Nikarudi nyumbani nikaandika maneno sita ya kuweka mahali pa "ishike vizuri". Wiki ya tatu nikasema, "Sogea, mwenzio akae. Mzee wa dripu, ipakate!" Ukumbi ukalipuka. Kila aliyewahi kupanda daladala ameambiwa ampakate mtoto au apakate mzigo. Neno lile walikuwa nalo tayari mapajani mwao, mimi nililiweka tu mwisho wa sentensi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: jirekodi, kila mara, hata ukiharibu. Hasa ukiharibu. Kisha chukua daftari, uandike walicheka kwenye neno gani, si kwenye kichekesho gani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Na ujifunze lugha yako kama fundi anavyojua randa yake. Kiswahili kina mitego na kina zawadi. Mtego ni kwamba kiambishi hutangulia kutoboa siri: ukisema "kikaingia", msikilizaji ameshajua aliyeingia si mtu mzima wa kawaida. Zawadi ni kwamba mtu na mnyama wanakaa ngeli moja, na mwanamume na mwanamke hawatenganishwi na kitenzi. Ukisema "nimerudi safari, namkuta amelala kitandani kwangu, hana hata wasiwasi", hakuna ajuaye kama ni shemeji, mke mwenza au mbuzi wa jirani. Unaweza kuwabeba watu dakika nzima ndani ya hiyo "a". Nimefanya hivyo mara nyingi na bado naona raha ileile.

Sasa televisheni. Ukiandika skripti, kicheko hakipo. Unakaa na karatasi, mtayarishaji anaisoma akiwa kwenye foleni ya magari, mwongozaji anaisoma asubuhi ya kurekodi, mwigizaji anaisoma wakati anapakwa poda. Kile kichekesho cha dripu nilikiandika kwenye kipindi, nikampa mhusika nesi. Mwigizaji, ambaye ni mzuri sana, akasema, "Mzee wa dripu, ipakate, usije ukawasumbua wenzako hapa." Maneno manne ya ziada, na kicheko kikafa palepale. Mwongozaji akanigeukia, akaniuliza kuna tatizo gani, ilikuwa sawa tu. Nilijua si sawa kwa sababu nilikuwa nimesikia watu wakicheka kwenye "ipakate" mara arobaini. Kama nisingekuwa na masikio hayo, ningenyamaza. Nikaomba kwa adabu arudie na aishie pale. Alirudia, na mshika kamera akacheka mpaka picha ikatikisika, ikabidi turudie tena.

Masikio hayo ndiyo yaliyoisha nilipoacha jukwaa. Nikaanza kuandika ninavyodhani watu huongea. Wahusika wangu wote wakawa na sauti moja, yangu. Nilipokuwa mdogo, huku Bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni hadi mwaka 1994, lakini Tanga jirani mwenye antena ndefu alikuwa anadaka KBC ya Kenya, na tulijazana kwake kumtazama Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Benson Wanjau, aliyemwigiza kwa ile lafudhi nzito ya Kijaluo, alikuwa Mkikuyu. Miaka na miaka ametubebea sauti ya watu wengine! Hiyo haipatikani mezani. Panda daladala, kaa kibarazani, nenda Kariakoo bila kununua kitu. Halafu usiku upande jukwaani ujaribu ulichosikia.

Kuhusu pesa nitasema kweli. Jukwaa litakulipa usiku mmoja, na siku nyingine litakulipa nauli. Kuandika hulipwa kwa kila sehemu ya kipindi, na malipo huchelewa. Ukiweza, uwe na kazi ya tatu. Mimi u-MC wa harusi umenilipia kodi ya nyumba kuliko vyote viwili, na sioni haya kuusifu.

Mkataba usome ukiwa umekaa. Wangu wa kwanza niliusaini juu ya boneti ya gari, nikishukuru. Ndani yake kulikuwa na maneno "pamoja na wahusika wote". Kazi ilipoisha, mama mmoja niliyemtunga kutokana na shangazi yangu, na kanga yake na msemo wake, aliendelea kuonekana kila Jumanne akiandikiwa na wengine. Iliniuma sana. Hakuna aliyeniibia, niliuza bila kujua. Kumbuka hata kundi la vichekesho la Ze Comedy, waliokuwa mashuhuri nchi nzima: walipotoka kituo cha EATV kwenda TBC, jina lile halikuhama nao, wakawa Ze Orijino Komedi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kile ulichokiandika, si wazo ulilomsimulia mtu mkinywa chai. Kwa hiyo andika kwanza, weka tarehe, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, halafu ndiyo usimulie. Na mhusika unayempenda, omba abaki wako. Wakikataa, angalau utakuwa umeuza ukijua.

Wengi huniuliza pia mipaka ya utani ni ipi. Mimi jibu langu nililipata msibani. Tulipomzika babu, mtani wetu mmoja alijilaza kwenye udongo wa kaburi akasema hatoki mpaka alipwe, kwamba marehemu amekufa na deni lake la kuku. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona: kabla mtani hajalala, alimtazama bibi. Bibi akajifuta kwa pembe ya kanga, akaitikia kwa kichwa kidogo, kama kusema "haya, endelea". Ndipo mtani akalala. Mpaka leo nikiwa na kichekesho kinachogusa maumivu ya mtu, namtafuta kwanza yule bibi ndani ya ukumbi. Kama simwoni, nakiruka.

Nilirudi jukwaani miaka minne iliyopita, kila Alhamisi, dakika tano, mara nyingi bure, hata wiki ninazodaiwa skripti tatu. Alhamisi hii napeleka kitu kipya kuhusu mwenye nyumba anayekuja kusalimia tarehe moja saa kumi na mbili asubuhi. Mwanzo uko tayari. Neno la mwisho bado: nimejaribu "habari za asubuhi", nimejaribu "nilikuwa napita tu", na leo kwenye gari kuna mama nyuma yangu amesema kitu kwenye simu nikakiandika kiganjani kabla sijashuka.